Soma Usiku Bila Kuchoma Macho

Sisi wa Kivu wa huku Kayole tunaijua form ya usiku huko Masisi Centre, Nyabiondo, Walikale hadi Mubi: stima hakuna, uko kitandani na fon, umefungua noveli, alafu saa moja baadaye macho yanawasha ka yamepulizwa moshi.

Iko hivi. Kawaida mtu hupepesa macho karibu mara 15 kwa dakika. Ukikodolea skrini, hiyo inashuka hadi nusu ama chini zaidi, so macho yanakauka. Na kwa giza mboni huwa imefunguka yote, alafu skrini kali inaingia mzimamzima. Noma ni hapo. Hiyo ya "mionzi inaua macho" ni story za mtaa tu. Kenye mwanga wa skrini huvuruga ni usingizi.

Wasee wako na doo wananunua Kindle Paperwhite. Tangu 2012 iko na taa inamulika ukurasa kutoka kando, haikupigi usoni. Sisi wa fon tufanye hivi:

Shusha mwanga hadi ukurasa usiwake kushinda ukuta wa nyuma yake, na uwashe kataa ka sola kando. Giza totoro usisomee.

Washa ile rangi ya machungwa ya usiku. Herufi nyeupe kwa nyeusi ni poa kwa wengine, but ukiona zinatoa ukungu, rudisha.

PDF hukuwanga stress: ukikuza herufi, unavuta mstari kulia, kushoto, hadi unapoteza ulikuwa wapi. Saka EPUB ya kitabu hicho hicho. Herufi zinakua na mistari inajipanga yenyewe.

Kila dakika 20, toa macho kwa fon sekunde 20, angalia mbali. Keja ni ndogo? Yafunge tu, alafu pepesa.

Ukifika mahali neti iko fiti, shusha vitabu vyote, ama Wikipedia ya Kiwix, inasomeka bila neti. Usiku weka mode avion. Ujumbe hauingii, na juu skrini pia iko chini, chaji ya kulipia inakaa zaidi.

But macho yakibaki mekundu hadi mchana, ama yatoe usaha, hiyo si fon. Enda kituo cha afya, na matone ya sokoni usitie. Ka ni kuwasha tu kwa usiku, shusha mwanga umalize hiyo sura.