Dundu wa Kinamasi, na Jinsi Kiumbe Mpya Apatavyo Jina

Katika miezi ya mvua, tangu Desemba hata Aprili, mabonde ya Nachingwea na Ruangwa hupata maji. Vijito hutiririka, vinamasi huenea, na hata mashimo ya mashina ya miti mikubwa hushika maji. Mpita njia huona tope na majani yaliyooza tu. Walakini ndani yake mna wakazi wengi. Katika jamii ya wakazi hao yumo dundu wa kinamasi, ambaye ndugu zake wameenea karibu nchi zote za dunia, na aina zake mpya zingali zikigunduliwa hata leo.

Dundu huyu ni mdogo sana. Wengi wao hawazidi urefu wa punje ya mchele. Kama dundu wengine, ana mbawa nne: mbili za juu hufunika mbili za chini, mfano wa ala na kisu. Mwili wake si mgumu sana. Akiisha kukua hukaa juu ya mimea iliyo karibu na maji. Bali mtoto wake, yaani buu, huishi majini. Buu huyo ana alama ya ajabu: vipapasio virefu vyenye pingili nyingi, hali mabuu ya dundu wengine yana vipapasio vifupi vya pingili chache. Kazi yake ni kukwangua na kuchuja majani yaliyooza, na mabaki yake huwa chakula cha viumbe wengine wadogo.

Sasa, tusemapo "aina mpya", maana yake nini? Si kwamba imeumbwa jana. Ni mpya katika vitabu tu. Yamkini wenyeji wameijua tangu zamani. Kule Rungwe wenyeji walimjua nyani aitwaye kipunji kabla wataalamu hawajamwona mwaka wa 2003 na kumtangaza mwaka wa 2005. Na karibu nasi, katika msitu wa Rondo, yuko komba mdogo wa uzito wa gramu 60 hivi, ambaye hakuandikwa kuwa aina ya peke yake mpaka miaka ya 1990.

Njia ya kumpa kiumbe jina ni hii. Kwanza, hukamatwa kwa uangalifu, akahifadhiwa pamoja na karatasi yenye mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Karatasi ikipotea, mdudu amepoteza nusu ya thamani yake. Pili, hutazamwa kwa hadubini na kulinganishwa na wenziwe waliokwisha kupewa majina. Kwa dundu wadogo rangi haitoshi, kwa kuwa wengi hufanana. Hupasa kutazama hata viungo vya uzazi vya dume. Tatu, habari zake zote huandikwa na kupigwa chapa, na mdudu mmoja huchaguliwa kuwa kielelezo, akawekwa katika nyumba ya makumbusho ili kila mwenye shaka aende akamtazame.

Twasoma katika Kitabu cha Mwanzo ya kuwa Adamu aliwapa wanyama majina. Kazi hiyo haijaisha. Kwa wanyama, utaratibu wa leo huhesabiwa tangu mwaka wa 1758, katika kitabu cha Linnaeus, mtu wa Sweden. Kila aina ina majina mawili: la kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni lake mwenyewe.

Kazi hii yataka saburi. Mdudu mmoja aliyekamatwa Tanganyika mwaka wa 1950 alikaa katika makumbusho bila jina mpaka mwaka wa 2002. Hapo ndipo alipoonekana kuwa si wa kundi lo lote lililojulikana, ikabidi yeye na jamaa zake wafanyiwe kundi jipya kabisa.

Yeye alihifadhiwa, wengine hawakupata bahati hiyo. Katika mpango mkubwa wa karanga, ulioanza Tanganyika mwaka wa 1947 na kuachwa mwaka wa 1951, pori kubwa la Nachingwea lilifyekwa kwa matrekta. Karanga hazikufanikiwa kama ilivyotumainiwa, na pori lilikuwa limekwisha kwenda. Mti hupandwa tena. Aina ya mdudu ikiisha kutoweka hairudi, na kama haikuandikwa, hapana ajuaye kilichopotea. Vivyo hivyo kinamasi kikikaushwa au kuchomwa moto, buu lisiloweza kuishi nje ya maji halina pa kukimbilia.

Basi, enyi wanafunzi, mpitapo penye maji, inameni mtazame. Andikeni tarehe na mahali, chora umbo la mdudu, hesabu miguu na pingili zake, kisha mwacheni aende zake. Waulizeni wazee jina lake kwa lugha ya nyumbani, mliandike nalo. Aandikaye kwa uaminifu aonalo kwa macho yake amekwisha kuanza kazi ya mtaalamu.