Maonyesho ya Sanaa: Mkazi wa Ruiru Ana Nafasi Yake

Mkazi wa Ruiru akisikia kuna maonyesho ya sanaa Nairobi, swali la kwanza huwa ni kiingilio. La pili, ambalo wengi hawalisemi kwa sauti, ni kama atakaribishwa. Baadhi ya majumba ya sanaa yako katika mitaa ya kifahari, na mlinzi aliye langoni humfanya mtu adhani kwamba ni lazima awe mnunuzi. Sivyo. Majumba yanayouza michoro kwa kawaida hayatozi kiingilio, na anayeingia halazimiki kununua chochote. Makumbusho ya Kitaifa hutoza ada, lakini raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mtalii.

Wakazi wa Kiambu wana sababu nyingine ya kujihisi nyumbani humo. Taasisi ya Sanaa ya Kisasa ya Nairobi, ijulikanayo kwa kifupi kama NCAI, ilianzishwa na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Ilipofungua milango yake kwa umma mwaka 2022 katika jumba la Rosslyn Riviera, Barabara ya Limuru, ilianza na maonyesho ya mtu wa kaunti hii: Sane Wadu wa Nyathuna.

Wadu alizaliwa mwaka 1954 akaitwa Walter Njuguna Mbugua. Alifanya kazi ya ualimu, kisha akawa karani wa mahakama, kazi ambazo familia yoyote ingejivunia. Katika miaka ya 1980 aliziacha ili achore. Watu wakasema amerukwa na akili. Jibu lake lilikuwa kujiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu, na jina hilo ndilo lililobandikwa ukutani miaka mingi baadaye. Katika miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa wachoraji walioifanya Ngecha, kule Limuru, ijulikane kama kijiji cha wasanii. Mkewe, Eunice Wadu, pia ni mchoraji.

Kisa hicho kinawagusa wazazi wa leo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipojiunga na sekondari ya juu Januari 2026, mojawapo ya mikondo mitatu iliyokuwepo ilikuwa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzazi ambaye hajawahi kusimama mbele ya kazi ya msanii atamshauri vipi mtoto anayetaka mkondo huo? Wengi humkataza tu, kama walivyojaribu kumkataza Wadu.

Mtu akishaingia, hakuna haja ya kuona kila kitu. Ni afadhali kuzunguka ukumbi mara moja kwa haraka, kisha kurudi kwenye kazi tatu au nne zilizomvutia au hata kumuudhi, na kukaa na kila moja kwa dakika kadhaa. Asimame mbali kwanza, kisha asogee karibu aone rangi ilivyopakwa. Asiguse, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole huharibu kazi polepole. Kuhusu picha za simu, aulize. Baadhi ya kumbi huruhusu, nyingine hukataza.

Kibandiko kilicho kando ya mchoro kisomwe baada ya kutazama, lakini kisipuuzwe. Huonyesha jina la kazi, mwaka na vifaa vilivyotumika, na hayo ya mwisho mara nyingi ndiyo hufungua maana. Armitage, kwa mfano, huchora juu ya lubugo badala ya turubai ya kawaida. Lubugo ni kitambaa cha Baganda kinachotengenezwa kwa kupondaponda gome la mti wa mutuba, na kwa desturi hutumiwa kuwafunika wafu. Kitambaa hicho kina matundu na mishono, navyo hubaki vikionekana ndani ya picha. Asiyejua hilo atadhani mchoro umeraruka. Anayejua ataanza kujiuliza kwa nini mtu achore maisha ya leo juu ya sanda.

Wako watakaosema hata mtoto wao angeweza kuchora hivyo. Wakati mwingine wana haki ya kutopendezwa. Si kila kilichotundikwa ukutani ni kizuri. Lakini anayesema hivyo amtafute mhudumu wa ukumbi na kumuuliza kazi ile inahusu nini, kwani kujibu maswali ni sehemu ya kazi yao.

Asiyetaka msongamano wa Nairobi anaweza kuelekea upande wa pili, apande matatu ya Murang'a kutoka Thika. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote kuna michoro mitano ya ukutani iliyochorwa na Elimo Njau mwaka 1959. Kanisa lilijengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, na Njau aliweka maisha ya Yesu katika vilima na mashamba ya Kati, na watu weusi ndani yake. Hapo ni mahali pa ibada, hivyo ni vyema kuomba ruhusa katika ofisi ya kanisa kwanza.

Kuhusu ukumbi ulio karibu zaidi na nyumbani, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti. Mkazi anayetaka ukumbi wa maonyesho Ruiru au Thika anaweza kulitaja hilo kwenye vikao vya umma kuhusu bajeti.

Kabla ya kufunga safari, ni muhimu kupiga simu. Kumbi nyingi hufungwa kwa siku kadhaa kati ya onyesho moja na jingine ili kazi zitundikwe upya, na nyingine hazifunguliwi Jumapili au Jumatatu. Walimu wanaopeleka darasa watoe taarifa mapema ili waandaliwe mtu wa kuwatembeza, na kila mwanafunzi abebe penseli na daftari. Kalamu za wino ziachwe ndani ya basi.