Hivi kwa nini santuri ya Morogoro Jazz imeandikwa Kenya?

Leo naomba tuache bongo fleva kidogo, twende kwa babu.

Juzi kati nilikuwa kwa babu hapa hapa Ikwiriri. Nikaona mtungi wa maji umefunikwa na kisahani cheusi chenye tundu katikati, juu yake kata ya kuchotea. Nikakifuta. Jamani, ni santuri! Morogoro Jazz Band, ile ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, waliofika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Ila kwenye lebo pameandikwa imetengenezwa Kenya. Nikajiuliza, bendi ya Morogoro, Kenya imeingiaje hapo?

Kumbe stori ni ndefu. Miaka ya 70 Bongo ilikuwa na bendi za kumwaga: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya vijana wa TANU, Afro 70 ya Patrick Balisidya, na wengine kibao. Wengi walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kwenye utepe, redio ikawapiga nchi nzima. Lakini kusikika redioni ni kitu kimoja, santuri ni kitu kingine.

Santuri inatengenezwa hivi. Sauti inachongwa kwenye sahani laini, unatokea mfereji mwembamba unaozunguka kuelekea katikati. Kutokana na sahani hiyo unatengenezwa muhuri wa chuma, halafu muhuri unakandamiza plastiki ya moto, moja baada ya nyingine. Ukiipiga, sindano inatembea kwenye mfereji na kutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Sasa, mashine za kukandamiza sisi hatukuwa nazo. Zilikuwa Nairobi. Kwa hiyo ama utepe ulipelekwa kule, ama bendi yenyewe ilifunga safari ikarekodi huko huko.

Kitu kingine vijana wengi hatukijui. Kisahani cha inchi 7 kinazunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja unabeba dakika tatu, nne hivi, wakati wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko hapo. Wakawa wanaukata. Upande A mnaimbiwa kisa taratibu, unageuza upande B ndipo gitaa zinachemka, yaani chemko lenyewe. Ndiyo maana nyingine unazokuta YouTube zinaisha ghafla. Aliyeweka ameweka upande mmoja tu!

Sasa tatizo likaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na ukaja kufunguliwa 1983. Kiwanda kipo ng'ambo ya mpaka, unadhani nini kilitokea? Biashara ya santuri ikawa ngumu sana. Januari 1979 Mbaraka naye akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Baadaye kaseti zikatawala, watu wakanakili majumbani na mwanamuziki hakuona hata senti.

Wadau, hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Kanda za RTD zilibaki kwenye maktaba ya redio, ambayo leo ni TBC. Lakini wimbo uliorekodiwa moja kwa moja Nairobi haukupitia utepe wa RTD. Unaweza kukuta nakala iliyobaki ndiyo hiyo inayofunika mtungi wa babu yako. Na wapo wanaozitafuta santuri za Afrika kwa udi na uvumba, wanajua thamani yake. Wewe na mimi ndio tunaopangia vikombe.

Ukizikuta nyumbani, usizilaze kwa rundo, zisimamishe kama vitabu. Ziweke mbali na jua na joto la bati, zinapinda. Zifute kwa kitambaa laini. Ukipata mashine nzima, rekodi pande ZOTE mbili, na uandike yaliyo kwenye lebo: bendi, wimbo, namba.

Ile ya babu niliipeleka kwa fundi redio mmoja mwenye mashine ya zamani. Upande A uliokuwa unawekewa kata umechunika vibaya, sindano inaruka neno hadi neno. Upande B uko safi, gitaa zinalia mpaka fundi akaacha kazi. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamwambia babu maneno yamepotea. Babu akacheka, akayaimba yote mwanzo mpaka mwisho, kumbe alikuwa nayo kichwani toka enzi za gramafoni ya betri.

Nikamrekodi kwenye simu hapo hapo. Na wewe kamuulize wa kwenu, kabla hujachelewa.

Nawasilisha.