Kaunta za Bafu na Kuchakaa kwa Hoteli za Nchi ya Chai

Hoteli nyingi za Kericho na Bomet huanza kuzeeka bafuni, na bafuni kwenyewe uzee huanzia kwenye kaunta ya sinki. Mgeni atasamehe zulia lililopauka au televisheni ndogo. Hatasamehe ubao uliooza pale anapoweka mswaki wake.

Chukua kaunta ya hoteli moja ya mjini Kericho ambayo haijatimiza miaka kumi. Ni bamba la graniti nyeusi lililolazwa juu ya chipibodi. Mbele ya sinki, ambapo jiwe limebaki upana wa vidole vitatu tu, kuna ufa uliozibwa kwa silikoni, na silikoni yenyewe imeshakuwa nyeusi kwa ukungu. Pitisha kidole chini yake, kwenye ukingo wa tundu la sinki: jiwe linakwaruza, halikusuguliwa wala kupakwa dawa ya kuzuia maji. Maji yamepenya hapo kila siku tangu hoteli ifunguliwe, na chipibodi imefura kama mkate uliochovywa kwenye chai. Juu, karibu na bomba, kuna duara la kijivu lililoachwa na chupa ya asidi ya kusafishia choo. Graniti nyeusi halisi kwa kawaida haipauki hivyo. Bamba hilo linaelekea kuwa jiwe la kijivu lililopakwa rangi kiwandani, ujanja unaojulikana katika biashara ya mawe duniani kote.

Wenye hoteli hulaumu hali ya hewa, na wana sehemu ya ukweli. Kericho iko kwenye kimo cha takriban mita 2,000 na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, bila kiangazi cha maana. Usiku ni baridi, madirisha ya bafu ni madogo, na kuta hazikauki kati ya mgeni mmoja na mwingine. Lakini mvua hii ndiyo iliyoleta chai hapa, na kila aliyejenga alijua inanyesha.

Sababu ninayoiona mimi iko kwenye matunzo. Tea Hotel ya Kericho ilijengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950, bustani yake ikipakana na michai. Kampuni za chai za wakati ule zilikuwa na karakana zao, maseremala wao, waashi wao, hata mitambo yao ya umeme wa maji. Kitu kilipoharibika, mtu wa kukitengeneza alikuwa kwenye orodha ya mishahara. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Miongo minne baadaye, mashamba makubwa ya Kericho, yale ya James Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever, yakaingia mikononi mwa Browns Investments ya Sri Lanka, mauzo ya kwanza yakitangazwa 2023 na ya pili 2024. Tea Hotel nayo, iliyokuwa fahari ya mji, leo hutajwa zaidi kwa jinsi ilivyokuwa. Hoteli mpya zilizoota baada ya ugatuzi wa 2013, zikitegemea semina na mikutano, hazikuwahi kuwa na karakana hata siku moja. Fundi huja, hulipwa, huondoka.

Hapo ndipo terazo ilipopotea. Kaunta ya terazo humwagwa papo hapo: saruji nyeupe na chembe za marumaru, huenda zikawa za Kajiado, juu ya zege lenye nondo. Inaachwa ishike kwa siku kadhaa ikinyunyiziwa maji. Kisha inasuguliwa kwa jiwe la mkwaruzo mkubwa, vitundu vinazibwa kwa uji wa saruji, inaachwa tena, inasuguliwa kwa jiwe laini zaidi, mwisho inapakwa nta. Kazi yake ni tope na kelele. Aliyekopa benki na ana tarehe ya kufungua hawezi kuivumilia, wakati bamba la graniti kutoka India au China hufungwa kwa nusu siku. Kila mradi ulioikwepa ulimwacha kijana mmoja zaidi bila kujifunza kusugua, na sasa mwenye hoteli anayeitaka kwa dhati hupata shida kumpata mtu anayeimudu.

Terazo ina udhaifu wake. Saruji na marumaru vyote huliwa na asidi, hata ya ndimu, na kikombe cha chai kikiachwa usiku kucha huacha duara la kahawia. Lakini doa hilo husuguliwa likaisha, mahali pale pale, hata baada ya miaka thelathini. Chipibodi iliyofura haina tiba. Nalo jiwe la kutengenezwa, lile la unga wa kwazi na gundi, lisilonyonya maji na linalosifiwa sana madukani, vumbi lake huharibu mapafu ya wanaolikata kiasi kwamba Australia ililipiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024. Mafundi wetu wengi hukata mawe kando ya barabara bila maji na bila barakoa. Siwezi kumshauri mtu yeyote alinunue katika hali hiyo.

Kuna pia jiwe la Tabaka, katika Kisii, ambalo watu hulijua kwa vinyago na sahani. Kwa kaunta nzima halifai sana: ni laini, ufunguo hulichora, na machimbo ya mkono hutoa vipande vidogo vyenye nyufa. Kwa kibao cha sabuni au ukingo wa nyuma ya bomba, lingefaa vizuri, na wachongaji wake wana mkono wa kusugua jiwe kwa maji na msasa ambao terazo inauhitaji sana.

Mwenye hoteli wa Bomet anayejenga sasa angeanza kwa kukataa chipibodi na kulaza kaunta juu ya zege. Kisha aombe kipande cha kila jiwe, akiache usiku kucha na chai ya rangi upande mmoja na tone la asidi ya choo upande wa pili, akitazame asubuhi. Akichagua terazo, mkataba useme fundi atarudi kusugua kila baada ya miaka michache, na fedha za kazi hiyo zitengwe kabla ya mgeni wa kwanza kuingia. Wasafishaji nao wapewe sabuni isiyo na asidi kwa ajili ya kaunta, katika chupa ya rangi tofauti na ile ya choo.