Dishi la Hawe Halipo Kwa Ubao

Saa saba mchana, jua limewaka, nimetoka Kilifi taun nikavuka daraja mos mos hadi upande wetu wa Mnarani. Njaa imenibana. Nikaingia hoteli moja karibu na steji, nikaketi, weita akakam.

"Karibu. Nikuletee nini?"

"Sima na mboga."

"Mboga gani? Kuna ng'ombe, mbuzi, kuku na changu."

"Mimi sili nyama."

"Sawa, basi samaki."

"Samaki pia sili."

"Kuku?"

Nikakataa. Akanicheki kwa huruma, akainama kidogo, akaniuliza polepole: "Pole. Ni daktari amekukataza?"

Kila msee anayeishi bila nyama huku kwetu anaijua hii risto kama jina lake. Na yule weita hakunikosea heshima hata kidogo. Kwa Kiswahili, mboga ni kitoweo pia, chochote cha kushushia sima au wali. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, mchicha ni mboga. Msee wa Nairobi akisema "mboga" anamaanisha sukuma wiki. Huku Pwani, usipoongeza "za majani" umeacha sentensi katikati. Alafu hilo neno "nyama" nalo, hotelini ni ng'ombe na mbuzi basi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki. Ukisema hauli nyama, mtu wa jikoni anaskia kwamba umechoka na ng'ombe, na anakutafutia njia ingine kwa roho safi.

Venye nilisare nyama

Nilisare nyama 2022, ule mwaka wa ukame. Mvua zilikuwa zimefeli msimu baada ya msimu, na nilienda Ganze kuona watu wetu. Barabarani ng'ombe walikuwa wamelala mchangani na hawangeweza kuinuka tena. Mzee mmoja alikuwa amekaa na ng'ombe wake wa mwisho, anamshikia kichwa, anamnywesha maji kwa sufuria. Niliporudi Mnarani jioni nikawekewa sahani ya nyama, na sikuweza. Kutoka hiyo siku sijagusa.

Kila mtu ana sababu yake. Kwa mbogi yetu kuna rasta wa "aitali", anayemanga kitu cha shamba bila nyama. Kuna dem wa Kisabato aliyelelewa hivyo kanisani. Kuna msee wa chuo pale Pwani University aliyeanza juu ya ganji kuisha, akapata mwili umekuwa mwepesi, akabaki. Sababu ni tofauti, lakini tukiingia hotelini tunakuwa na shida moja.

Mitego ya mezani

Wengi wanadhani shida ni kukosa chakula. Chakula kiko. Shida kubwa ni kile hakionekani ndani ya chakula.

Mtego wa kwanza ni supu. Maharagwe yamepikwa vizuri, yanang'aa, harufu imeshika mtaa mzima, kumbe yameongezewa supu ya mifupa ndiyo yawe mazito. Au mchicha umerushiwa uduvi. Au mpishi amemwaga ule unga wa pakiti wenye ladha ya nyama. Ukiuliza "hii ina nyama?" utaambiwa hapana, na kweli hakuna kipande. Uliza "imepikwa na nini?"

Wa pili ni pilau. "Nitakutolea nyama, ule wali." Pilau ya nyama imechemka na supu ya hiyo nyama, kila punje imeinywa. Kumtolea mtu vipande hakubadilishi kitu.

Wa tatu ni karai. Viazi karai ni dishi la heshima Pwani nzima: kiazi kimechemshwa, kikavikwa unga wa manjano, kikakaangwa, kikamwagiwa ukwaju. Lakini mafuta yakiwa ni yale yale yamekaanga samaki tangu mangware, kiazi kinatoka na harufu ya bahari.

Wa nne ni sambusa. Za ndengu na za nyama zinafungwa sawa, zinakaangwa sawa, zinapangwa kwa sinia moja. Pasua kwanza, angalia, ndiyo uume.

Wa mwisho ni bei. Kuna mahali niliitisha wali na maharagwe, nikalipishwa kama wali nyama, ati "sahani ni sahani". Na ukishuka kwa hoteli za ufuoni, zile za wageni, dishi bila nyama liko kwa menyu, lina jina la kigeni na bei ya thao. Kijana wa Mnarani anabaki katikati. Kule juu ganji haifiki, huku chini ubao wa menyu hauna jina la chakula chake.

Foleni ya feri na bandari ya 1498

Na hapa ndipo moyo unaniuma, juu hichi chakula si kigeni kwetu hata kidogo.

Kabla daraja la Kilifi lifunguliwe 1991, kila gari la Mombasa na Malindi lilivukishwa na feri hapa Mnarani. Foleni ilikuwa ndefu na watu waliskia njaa. Wazee wa mtaa wanatupea hiyo risto mpaka leo: akina mama na vijana wakipita dirishani na korosho za kuchoma, mihogo, maembe, madafu. Kwa hivyo kula nje huku Mnarani tulikufanya zamani sana, na kwa ile foleni sehemu kubwa ya dishi ilitoka shambani.

Rudi nyuma zaidi. Mwezi wa nne mwaka wa 1498, meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Shajara ya ile safari inasimulia kuhusu Wahindi waliokutana nao bandarini, watu wa ndevu na nywele ndefu, waliowaambia Wareno kwamba wao hawali nyama ya ng'ombe. Wareno wakadhani wamepata Wakristo wenzao. Wakati huo huo Mnarani ilikuwa mji wenye uhai, na msikiti wake juu ya mkono wa bahari, pale tunapoenda kuona magofu sai. Kwa hivyo zaidi ya miaka 500 iliyopita, mtu aliyekataa ng'ombe alikuwa tayari amefika kwa hii Pwani, anakula na anashiba.

Na mikono ya pande zote za Bahari Hindi imeshika sufuria zetu. Chapati, bajia, achari, haya majina yalikuja na watu wa Bara Hindi, yakakaa mpaka tukayaona yetu. Kule Mombasa kuna hekalu la Wajaini, watu ambao dini yao inakataza kuua kiumbe, na nyumba nyingi za Kihindi hazijawahi kupika nyama vizazi na vizazi. Hakuna mtu anawauliza kama ni daktari.

Jiko la hawe

Lakini sina haja ya kwenda mbali. Hawe wangu, nyanya mzaa mama, alitulea na mboga za majani ambazo vijana wengi sai hawawezi kuzitaja. Mtsunga, ule mchungu, unachemshwa kwanza kupunguza ukali, unachanganywa na mchicha, unatiwa tui. Mnavu. Majani ya kunde. Kisamvu, kile kinatwangwa kwa kinu mpaka kilegee alafu kinachemka muda mrefu, juu jani la muhogo bichi lina sumu na lazima itoke. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mchana ni wali wa nazi na maharagwe, au mseto wa mchele na pojo, hizo bara wanaita ndengu. Jioni muhogo wa kuchemsha na chai. Nyama ilikuja siku ya sherehe, na ilipokuja tulijua kuna jambo.

Sasa mbona hicho chakula hakipo kwa ubao wa hoteli?

Nimeuliza akina mama wengi wa vibanda, na jibu linarudi lile lile. Mtu akitoka kwake kwenda kununua chakula, anataka kile hakipo nyumbani. Mtsunga uko nyumbani. Mtsunga ni chakula cha siku ganji imeisha. Kijana akimpeleka dem out, hawezi kumwagizia kisamvu, ataonekana amesota. Nyama imekuwa njia ya kuonyesha kwamba umeomoka, na majani yamebaki na jina la umaskini. Ndiyo maana hata maharagwe yanaongezewa supu, ndiyo yapate heshima kidogo.

Hii ndiyo naikataa. Mtu akijenga nyumba ya makuti ufuoni, akaweka bakuli la majani na korosho juu ya meza ya mbao, tunaliita dishi la kisasa. Hawe akipika yale yale kwa chungu, tunaliita dishi la shida. Jani ni lile lile, udongo ni ule ule. Tumekubali watu wengine watuambie thamani ya kile tumekula tangu utoto.

Venye unaitisha

Kwa msee anayeanza, hii ndiyo njia imenisaidia.

Enda mapema. Kibandani sufuria zinainjikwa kabla ya saa nne, na supu inaingia kwa maharagwe baadaye. Ukifika saa tatu, mwombe mama akutolee bakuli lako kabla ya hapo.

Salimia kwanza. "Shikamoo mama" inafungua jiko lolote Mnarani. Ukiingia na masharti mdomoni utaonekana mwenye madharau. Kaa, uliza hali, alafu useme: "Mama, mimi sili nyama, samaki wala kuku, na supu yake pia sili. Leo una nini cha nazi?" Taja vyote. Hilo neno la nazi linaokoa maisha. Chenye kimepikwa kwa tui mara nyingi hakijahitaji mfupa.

Asubuhi ndiyo rahisi. Mbaazi na mahamri huwezi kukosa, na kwa finje au soo umeshiba. Jioni ni viazi karai, bajia za kunde, kachori na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na limau. Tafuta yule anayekaanga hivyo pekee yake, asiye na samaki pembeni.

Na ukipikiwa vizuri, sema. Lipa, shukuru, rudi kesho. Mama wa kibanda akijua una uhakika wa kurudi, atakuwekea.

Harusi, matanga na mwili

Kazi ngumu iko kwa watu. Harusini pilau ndiyo heshima ya mwenye nyumba. Matangani mnyama amechinjwa juu ya mtu aliyetutoka, na kukataa sahani kunaweza kuskika kama kukataa msiba wenyewe. Mimi huwa nafika mapema, naenda nyuma kwa akina shangazi wanaopika, nasaidia kukuna nazi, na nawaambia hapo hapo. Hawajawahi kunifukuza. Daima kuna wali mweupe, kuna kachumbari, kuna ndizi. Mzee akiniuliza kwa nini, namweleza kuhusu Ganze, na ananyamaza, juu naye aliona ule mwaka.

Na mwili lazima uchungwe. Nafaka na jamii ya kunde zikienda pamoja, kama wali na maharagwe au mahamri na mbaazi, protini inakamilika. Hawe alijua hivyo bila kusoma. Majani yana madini ya chuma, kamulia limau ndiyo yaingie mwilini, na chai isubiri kidogo, juu chai inazuia. Vitamini B12 haipatikani kwa majani wala kwa maharagwe. Kama unakula mayai na maziwa unaipata. Kama umesare hivyo pia, ongea na watu wa afya kuhusu vidonge. Hili si la kuchukulia mzaha.

Chaki

Mwaka huu tukaamua kuacha kulalamika. Tulikuwa wasee sita, tukaenda kwa mama mmoja ambaye kibanda chake kiko njia ya kuteremkia feri ya zamani. Tukamwambia: "Mama, kila Jumatano na Ijumaa tutakuja sita. Tupikie mbaazi au mtsunga, sufuria yake peke yake. Tunakutumia ganji kwa M-Pesa kabla ya saa mbili asubuhi."

Akafikiria. "Mtsunga? Nyinyi vijana mnakula mtsunga?" Akacheka, akafurahi kweli, akaanza kutuambia ule bora unachumwa wapi baada ya mvua.

Wiki ya kwanza tulikuwa sita. Wiki ya tatu fundi wa boda aliyekuwa anakula nyama yake pembeni akauliza hiyo sahani yetu ni nini, akaonja, akaitisha. Mara iliyofuata akaja na wenzake wawili. Hawajasare nyama, na sikuwaomba wasare. Walikumbuka tu jikoni kwa nyanya zao.

Ijumaa iliyopita nilifika, nikacheki ubao. Chini ya ng'ombe, chini ya kuku, chini ya changu, kulikuwa na mstari mpya wa chaki, herufi kubwa: MTSUNGA WA NAZI, HAUNA SUPU. Nikaketi, mama akaniletea bila kuniuliza mboga gani.