Beringi za Trela la Mashua

Gurudumu la trela la mashua likichomoka barabarani, lawama hutupiwa mzigo au mashimo ya njia. Mara nyingi kosa lilianzia ufukweni.

Baada ya mwendo mrefu, habu ya gurudumu, yaani kitovu chenye beringi, hupata joto. Tuseme hewa iliyomo imefika nyuzi 60 za Sentigredi, kisha trela likatumbukizwa katika maji ya nyuzi 25 ili mashua ielee. Kwa kipimo cha Kelvin, tumeshuka kutoka 333 hadi 298. Kwa kanuni ya Charles, hewa hiyo hunywea kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi, na maji hufyonzwa ndani kupitia sili ya mpira iliyochakaa. Grisi hugeuka nyeupe kama maziwa. Chuma hushika kutu, hasa kwa maji ya chumvi.

Basi habu na ipoe kwanza. Grisi iliyoingia maji huondolewa yote (kuiongezea mpya juu yake ni kujidanganya), beringi zikaoshwa kwa mafuta ya taa, zikakaushwa na kushindiliwa grisi isiyoyeyushwa na maji. Beringi yenye vishimo haitengenezeki; hubadilishwa pamoja na pete ya chuma inayoizunguka, na sili mpya.