Nilipita nyumbani usiku nikienda Kigali, na mama hakujua

Wacha nikuulize kitu, na ujibu kwa ukweli maana hakuna anayekusikia. Ukikaa na mtu usiyemjua kwenye matatu, akuulize unafanya nini maishani, huwa unamwambia nini?

Mimi kwa miezi 14 nilikuwa na jibu moja: "Niko chuo." Fupi, safi, halileti maswali mengi. Shida ni kwamba chuo nilikuwa nimeacha. Mwaka wa pili, karo ikarundikana, jina langu likakosekana kwenye orodha ya mtihani, nikabeba godoro na sufuria zangu kutoka hosteli nikahamia Kayole kwa beshte yangu. Nilikuwa nasomea ununuzi na ugavi. Usicheke, ni kozi nzuri. Lakini sikuwahi kuipenda, na hiyo ndiyo sehemu ambayo huwa siwaambii watu ninapolaumu karo.

Marafiki walijua. Dada yangu wa Nakuru alijua. Mama hakujua. Na kila mwisho wa mwezi, bila kukosa, simu ilikuwa inalia: M-Pesa, shilingi 2,000, kutoka kwa mama. Ya matumizi ya chuo. Mama anaishi Webuye, ana ng'ombe wawili na kuku, na hizo 2,000 ni maziwa. Mimi nilikuwa nazipokea, namtumia ujumbe wa "asante mama, Mungu akubariki", kisha nalipa nusu ya kodi.

Kazi sikukosa kabisa. Nilikuwa naandikia wauzaji wa mitumba wa Gikomba maneno ya kuweka kwenye kurasa zao za mitandao, napiga picha za nguo, saa zingine napeleka mzigo mwenyewe hadi Rongai. Hela ndogo ndogo. Nikajiwekea akiba polepole, na siku moja nikiwa nimelala nikitazama video za wasichana wanaosafiri peke yao, nikajiambia: na mimi. Niende mahali ambapo hakuna mtu ataniuliza "graduation ni lini".

Pasipoti sikuwa nayo. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho huenda nawe hujui: tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Hicho hicho unachoonyesha askari kwenye lango la jengo mjini. Nikachukua na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nikakata tiketi ya basi hadi Kigali. Nauli ilikaribia kodi yangu ya mwezi. Nilijiambia pesa zote ni zangu. Hazikuwa zangu zote.

Basi liliondoka Nairobi Jumatano jioni. Nakuru, kisha baridi ya Timboroa, kisha Eldoret. Mimi nilijua njia hiyo inapita wapi lakini sikuwa nimeifikiria, unajua vile mtu anaweza kujua kitu bila kukifikiria. Saa nane usiku hivi nikafungua macho nikaona taa za Webuye. Basi halikusimama. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na nilijua kabisa mama amelalaje saa hiyo, na redio iko wapi, na mbwa anabweka upande gani. Yeye alijua niko Nairobi nasomea mtihani. Nilivuta leso nikajifunika uso kana kwamba mtu angeniona kwenye dirisha.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa Uganda anayefanya biashara ya vitambaa, anashukia Jinja. Baada ya Malaba aliniuliza ninachofanya. "Nasomea uuguzi," nikamwambia. Sijui ilitoka wapi. Pengine niliona "niko chuo" peke yake imechakaa. Alifurahi sana, akanipa ndizi.

Kutoka Kampala safari bado ni ndefu, usidanganywe na ramani ya simu. Ulikula rolex yako ya chapati na mayai Kampala, unafika Mbarara umeshasahau ulikula. Kabale ndiyo inaanza kukuonyesha milima. Mpaka wa Gatuna ulikuwa umefungwa tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, na dereva wetu alisimulia alivyokuwa akizunguka mbali miaka hiyo. Mkivuka, basi linahamia upande wa kulia wa barabara na saa inarudi nyuma saa moja nzima. Afisa alichungulia kwenye mifuko akitafuta mifuko ya plastiki. Wenzetu walipiga marufuku hiyo kitu 2008, sisi tukangoja hadi 2017.

Kigali usiku wa kwanza nilifanya kitu kidogo sana ambacho bado nakikumbuka kuliko picha zote nilizopiga. Nilitembea. Saa tatu usiku, Nyamirambo, peke yangu, simu mkononi nikiangalia ramani. Kama wewe ni msichana wa Nairobi unajua ninachosema. Kwetu simu hukaa kwenye sidiria hadi ufike mlangoni. Ukishuka steji ya Kayole usiku unatembea kama mtu anayejua karate, mabega juu, funguo kati ya vidole. Mimi sikujua kwamba mabega yangu hukaa juu hadi siku hiyo yaliposhuka. Nilisimama kando ya barabara nikayasikia yanashuka. Nikaona aibu kidogo, halafu nikawa na hasira, na hasira haikuwa ya Kigali.

Lakini sitaki urudi ukiambia watu kuwa niliona paradiso. Mji ni msafi na kimya, na kile kimya baada ya siku tatu kikaanza kunikera. Pikipiki inakupa helmeti, inabeba abiria mmoja tu, inangoja taa iwe kijani hata kama barabara ni tupu. Hakuna muziki kwenye basi. Siku zote nilizokaa huko sikusikia mtu akimtukana mwanasiasa hadharani, hata kwa utani, na nikakumbuka makanga wetu wanaochambua bajeti ya serikali kuanzia Donholm hadi Kencom kwa sauti ya juu. Sikuwahi kufikiria hiyo ni mali. Na Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari walikozikwa watu 250,000, nilienda, nikatoka, na sitaandika lolote kuhusu huko kwa sababu safari yangu ni ndogo sana kuwekwa kwenye ukurasa mmoja na hilo.

Nyamirambo nilipenda kwa sababu Kiswahili kiko mtaani. Kule ni mtaa wa Waislamu wengi na wafanyabiashara wa kila mahali, na watu wanakizungumza bila kujilazimisha. Rwanda ilikifanya lugha rasmi 2017, ila Nyamirambo haikungoja sheria. Kuna vibanda vya kuuza maziwa pekee: unaingia, unaketi, unaitisha glasi ya maziwa moto au ikivuguto, ambayo ni maziwa lala yao. Watu wazima wenye suti wameketi wanakunywa maziwa. Nilikunywa glasi mbili nikimfikiria mtu fulani wa Webuye.

Sasa ikafika Jumamosi. Nilikuwa sijui kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Asubuhi maduka yamefungwa, magari hakuna, watu wametoka na majembe na fagio kusafisha mtaa wao. Mwenye nyumba niliyokuwa nimekodi chumba, mama wa miaka sitini hivi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Goma, alinitazama nikiwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Njoo, mwanangu. Hapa hatuangalie."

Nikapewa ufagio. Tukafagia mtaro pamoja na majirani wake, wakicheka nilivyoinama. Kisha akaniuliza. "Unasomaka nini kule Kenya?"

"Uuguzi, mama." Ulimi ulikuwa umeshazoea.

Uso wake ukabadilika. Akaweka jembe chini, akanishika mkono, akaniketisha kwenye ngazi ya nyumba yake, akavua kiatu. Mguu wake ulikuwa na kidonda juu ya kisigino, cheusi pembeni, cha siku nyingi. "Nina sukari," akasema. "Kwa hospitali walinipa dawa, lakini hakiponi. Niambie wewe, mwanangu. Nirudi ama ningoje?"

Nataka uwe hapo na mimi kidogo. Mtu ananitazama kama ninajua. Majirani wawili wamesogea kusikiliza. Na mimi ninachojua kuhusu vidonda ni kile kila mtu anajua. Ningesema "ngoja", angengoja. Kwa miezi 14 uongo wangu ulikuwa hauumizi mtu, ndivyo nilivyojiambia, na huo hapo ulikuwa na mguu na harufu.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Mimi si muuguzi. Sisomi chochote. Niliacha chuo mwaka jana."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu wa rika la mama yangu. Nilingoja anifukuze. Alinitazama kwa muda, kisha akavaa kiatu chake polepole.

"Na mama yako anajua?"

"Hapana."

"Eh," akasema. Basi. Akaokota jembe. Nikamwambia kwamba hata bila kuwa muuguzi najua kidonda cha mtu wa sukari hakingojwi, arudi hospitali, na akaitikia kwa kichwa. Jumatatu asubuhi nilimwona akiondoka na mjukuu wake kwenda huko. Hatukurudia ile habari nyingine, ila nilipokuwa nafunga mkoba Jumatatu hiyo hiyo alirudi akaniletea ndizi za njiani na kusema, "Basi lako linapita kwenu, ulisema?"

Nilikuwa sijamwambia anieleze maana yake.

Tuliondoka Kigali mchana. Kampala usiku wa manane, Malaba alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimgonga utingo begani nikamwambia nashuka Webuye. Akaniuliza kama nimelipia hadi Nairobi. Nikamwambia ndiyo. Akaniona mjinga.

Nilimkuta mama anakamua. Hakushangaa kama nilivyodhani, alifurahi tu. "Mmefunga?" akauliza, vile mama yeyote huuliza.

"Mama, mimi sisomi tena. Niliacha mwaka jana."

Hakuacha kukamua. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo, mara moja, mara mbili, nikahesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kisha akauliza, "Na yule ndama?" Nilikuwa nimesahau. Ndama aliuzwa nikiingia mwaka wa kwanza. Halafu akauliza kuhusu zile 2,000, nikasema kweli: kodi, chakula, na kidogo ya nauli ya Rwanda. Akamaliza kukamua, akaingia jikoni, akanipikia chai, akaniwekea mezani bila neno. Chai ya kununiwa ni tamu ajabu, hata sijui ni kwa nini. Akaenda chama chake akarudi jioni.

"Huko Rwanda ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kuona tu, mama."

"Kuona nini kisichoonekana Kayole?"

Sikumjibu. Ningemwambia habari ya mabega, angeelewa? Labda angeelewa kuliko mtu yeyote, ila sikujaribu. Nililala siku mbili, siku mbili za majibu ya "ndiyo" na "hapana", kisha nikapanda matatu ya Nairobi.

Ukiniuliza nimebadilika nini, nitakuchosha. Niko Kayole bado. Stima ya tokeni inaisha usiku ule ule ambao simu ina asilimia nne. Maji ni Jumanne na Ijumaa kama Mungu amependa. Simu imerudi kwenye sidiria, mabega yamerudi juu, ingawa sasa nayasikia yakipanda, na siku zingine nayashusha kwa nguvu pale pale steji hata kama ni ujinga. Watu wa mitandaoni wameona picha za vilima na glasi ya maziwa, wakaandika "life yako ni goals". Nimeacha kujibu.

Nilipiga hesabu: miezi 14 mara 2,000 ni 28,000. Ndama sijui nimweke bei gani. Mwezi wa kwanza nilimtumia mama 2,000, akazirudisha zote dakika hiyo hiyo, na ada ya kutuma akalipa yeye. Mwezi wa pili nikatuma tena, akarudisha 1,000. Mwezi wa tatu hazikurudi. Ningoje simu, hakuna. Siku ya tatu akapiga, hakusalimia sana.

"Huko Rwanda, maziwa ni pesa ngapi lita?"

Nikamwambia mimi najua bei ya glasi tu.

"Hukuuliza ya lita?"

"Sikuuliza, mama."

Akanyamaza kidogo, nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Ukienda tena uulize," akasema, kisha akakata simu kabla dakika haijaisha.